Sugua, Nusa, Ndipo Ung'oe

Jumapili, 5 Machi

Dada Mkunga,

Najua umeshaanza kusema nimekutupa. Sijakutupa. Nina malengelenge kwenye vidole vinne, na kalamu nimeishika kama mtu anayeshika kaa la moto.

Tangu kiwanda cha sare kifungwe nilikuwa nashinda ndani nikitazamana na cherehani, mpaka nikaona tangazo kwenye ubao wa maktaba. Walitaka watu wa kujitolea, Jumamosi kumi na mbili, wafundishwe mimea ya asili na kurudisha uoto kwenye bonde la kijito, kule nyuma ya tanuri la zamani la matofali. Jana ilikuwa Jumamosi ya nane. Usicheke. Nina buti, nina glavu, nina jembe dogo lenye jina langu.

Anayetufundisha ni mama mmoja mfupi, sauti kama kengele ya shule. Tunamwita Mkufunzi. Kuna vichaka viwili ndio ugomvi wetu wote. Kimoja ni cha hapahapa tangu enzi, mizizi yake ndiyo iliyokuwa inashika kingo za kijito zisimomonyoke. Huyo tunamwita Mwenyeji. Kingine kililetwa na watu wa bustani kwa ajili ya maua, kikatoroka, kikajaza bonde zima. Huyo ni Mgeni. Shida ni kwamba wakiwa wachanga, chini ya goti, wanafanana mpaka kero. Jani hilohilo, shina hilohilo. Njia ni moja tu: unasugua jani kwa vidole, unanusa. Mwenyeji ananuka vikali kama ganda la limau. Mgeni hanuki kitu. Basi kila asubuhi Mkufunzi anatuimbisha kama watoto wa chekechea: "Sugua, nusa, ndipo ung'oe!"

Tunafanya kazi wawili wawili. Mwenzangu ni mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza saa. Fundi Saa macho yake yamechoka, miwani yake ni minene kama vitako vya glasi, lakini pua yake, dada, ni ya ajabu. Mimi naona kamche kadogo kalikojificha kwenye nyasi, yeye ananusa, anasema "acha" au "toa". Mche wa kuacha tunaufunga utepe wa bluu. Tunakwenda kama mashine.

Na sasa habari yenyewe. Kwenye mtihani wa majani nimekuwa wa kwanza. Wa kwanza! Na kitalu cha miche kinatafuta mtu wa kudumu, mwenye mshahara, na Mkufunzi amesema wazi atamchukua mmoja wetu atakayemaliza vizuri. Zimebaki Jumamosi nne. Niombee.

Mdogo wako,
Sindano

Ijumaa, 10 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako wodini, nikacheka mpaka mama mmoja mwenye uchungu akaniuliza kama naye acheke. Wewe uliyekuwa unalia ukiona mnyoo, leo una jembe lenye jina!

Nimefurahi. Nasema kabisa, nimefurahi. Usiku nilikuwa nakuwaza kuliko ninavyowaza mambo yangu. Sasa sikiliza: kazi hiyo ya kitalu uishike kwa meno. Miaka yako si ya kuanza kuzunguka viwandani na bahasha. Fika mapema, usibishane na mtu, na hilo domo lako ulifunge zipu.

Jambo jingine. Nilipokuja mwaka jana nilikuta maziwa yameungua jikoni, moshi umetanda, nawe umekaa sebuleni unapachika vifungo kwa raha zako. Ukasema ulikuwa na mawazo. Nilinyamaza, ila tangu hapo lile jiko lako la gesi linaniogopesha. Uwe unalifunga kwenye mtungi.

Na tafadhali endelea kuandika. Kwenye simu wewe ukinidanganya unacheka, nami nacheka, tunakata. Kwenye karatasi nakuona.

Dada yako,
Mkunga

Jumapili, 19 Machi

Dada,

Nakuandikia haraka. Jana ilikuwa siku yangu.

Fundi Saa aliniambia wiki iliyopita kwamba Jumamosi hii hataweza kuja. Ana shughuli, hakusema ipi, na mimi sikumchimba. Alishakosa siku moja mwezi wa pili, na sheria ni kwamba ukikosa mbili umejiondoa. Akaniomba kwa aibu, anazungushazungusha kofia: "Mwanangu, ungenisainia pale kwenye daftari la zamu?" Nikasaini. Jina lake na langu, sanjari. Ni mtu mwema, dada, na saini yake ni rahisi.

Mkufunzi alikuwa ng'ambo ya pili ya kijito na kundi la wapya, hakuona tuko wangapi. Akanipigia kelele tu kwamba leo nichukue kipande cha nne, kile cha juu ambacho hakijaguswa. Nikafanya kazi kama nina pepo. Magunia mawili yamejaa pomoni, nimeyafunga, nimeyaweka chini ya kingo kwenye kivuli. Kipande chote Wageni watupu, sikuona hata mmoja wa kufunga utepe. Jioni Mkufunzi akatazama kwa mbali pale palivyosafika, akaninyanyulia dole gumba.

Gesi nafunga. Acha kuniona mtoto.

Sindano

Alhamisi, 23 Machi

Kwa Fundi Saa,

Shikamoo. Ninaandika kwa masikitiko.

Kipande cha nne kilikuwa na miche thelathini na minane ya Mwenyeji, iliyoota yenyewe kwa mbegu. Katika miaka sita ya kazi hii bondeni ilikuwa mara ya kwanza. Niliihesabu mwenyewe mwezi wa pili, nikainusa mmoja mmoja. Jana nilikwenda kuitazama. Haupo hata mmoja.

Daftari linaonyesha kwamba Jumamosi mlikuwa wawili pale. Mwenzako ndiye mwanafunzi wangu bora kwa kutambua majani. Kuhusu macho yako sote tunajua, na lawama ni yangu pia kwa kukuacha ushike jembe. Sitaki kukuaibisha mbele ya wenzako. Naomba usiendelee na mafunzo, na Jumamosi nitawaeleza wengine kwa ufupi.

Kama kuna ninalokosea, niandikie kabla ya hapo.

Mkufunzi

Ijumaa, 24 Machi

Mkufunzi,

Marahaba. Barua imefika. Hujakosea. Macho yangu ndiyo yaliyoponza ile miche, na mwenzangu hana kosa lolote.

Jembe na glavu nimempa mjukuu azirudishe. Ahsante kwa mliyonifundisha.

Fundi Saa

Jumapili, 26 Machi

Dada,

Kaa chini kwanza.

Mimi sinusi. Tangu ile homa ya mwaka juzi, iliyonilaza wiki mbili, pua yangu imekufa. Si limau, si sabuni, si maziwa yanayoungua. Niliona aibu kukuambia kwa sababu wewe ni mkunga, ungenipeleka kwa daktari huyu na yule, na mimi nilijiambia itarudi. Haikurudi. Nikazoea. Watu wakikunja uso nami nakunja, wakisema "mmh, kinanukia" nami nasema mmh.

Kwenye mafunzo Fundi Saa alinifichia siri bila kujua. Jumamosi ile nilipokuwa peke yangu nilisugua kila jani, dada, naapa. Nilisugua nikanusa. Hakuna harufu. Nikang'oa. Mwingine, hakuna harufu. Nikang'oa. Kwangu mimi bonde zima ni Wageni! Ningeweza kumwita mtu. Lakini ningemwambia nini, wa kwanza mimi, kwamba sijui kitu tulichofundishwa siku ya kwanza?

Jana Mkufunzi alitukusanya chini ya turubai. Alisema miche thelathini na minane ya Mwenyeji imeng'olewa. Kisha akasema Fundi Saa hatakuwa nasi tena kwa sababu ya macho yake, amekiri mwenyewe, na tusimseme vibaya. Mtu wa nyuma yangu akasema, "Si nilisema yule mzee ni kipofu?" Watu wakaguna.

Nami nikaguna. Hiyo ndiyo sehemu inayonitafuna. Nilikaa pale na utepe wa bluu mfukoni, nikaguna pamoja nao.

Hakuwepo hata dakika moja, dada! Na hawezi kusema hakuwepo bila kusema mimi nilimsainia.

Walipoondoka nilichukua yale magunia mawili, nikayasukuma nyumbani kwa toroli. Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili na udongo ulikuwa bado umeshika mizizi. Nimeitandaza bafuni kwenye mabeseni, nainyunyizia maji. Ni miche mamia na ndani yake wamo Wenyeji thelathini na wanane, na mimi siwezi kuwajua. Nilimwita jirani aninusie. Ameinusa mitatu akasema yote inanuka gunia. Majani yamenyauka, inahitaji pua iliyofundishwa.

Niambie nifanye nini. Cheti ni tarehe nane Aprili, na Mkufunzi amenong'ona kwamba ufunguo wa kitalu ni wangu.

Sindano

Alhamisi, 30 Machi

Mdogo wangu,

Nyamaza.

Nimeandika neno hilo na kulifuta mara mbili, sasa naliacha. Nyamaza. Mzee huyo ana watoto, ana nyumba, hiyo kwake ilikuwa ni kupunga upepo Jumamosi. Amekubali mwenyewe kwa hiari yake, hakuna aliyemshika koo. Wewe ukisema, miche haifufuki. Utapoteza kazi, utaitwa mwongo na mghushi wa saini, na utarudi kutazamana na cherehani. Kwa faida ya nani?

Hayo ya bafuni yatupe. Yanakutia wazimu.

Pua tutashughulikia ukija huku. Nina mengi ya kukuambia juu ya pua, nitakuambia ana kwa ana. Kwa sasa pokea cheti chako, pokea ufunguo, kisha siku moja mpelekee mzee zawadi nzuri.

Naijua roho yako. Safari hii isikilize akili yangu.

Dada yako

Ijumaa, 31 Machi

Binti yangu Sindano,

Mjukuu ndiye anayeandika, mimi nasema. Mwandiko wangu siku hizi unapanda ukutani.

Nimesikia Jumamosi hukuinua kichwa mkutanoni. Usijitese. Nilijua tangu wiki ya tatu. Siku ile nilipokuambia "huyu ananuka hadi anachoma" na kumbe nilikuwa nimesugua glavu yangu mwenyewe, nawe ukasema "kweli, anachoma." Nilicheka moyoni. Nikasema sawa, mmoja hana macho, mwingine hana pua, tukiunganishwa tunapata mtu mmoja mzima. Ningekuambia, lakini ulikuwa unajivunia, na mimi nilitaka mwenzi.

Jumamosi ile nilikuwa kwa daktari wa macho. Amesema mwisho wa mwaka huu nitakuwa naona mwanga tu, na baadaye hata huo hapana. Ndiyo sababu nilijiunga. Nilitaka nilijue bonde kwa pua kabla giza halijafika, ili nipate mahali pamoja duniani ambapo sitahitaji kushikwa mkono. Nilikuwa nimefika nusu.

Sikuambii haya ili useme. Una kazi mbele yako, mimi nina kiti changu barazani. Nakuambia kwa sababu ulinisainia kwa wema, na sipendi udhani nilikuwa nimelala nyumbani.

Swali moja tu. Yale magunia uliyaweka kivulini? Mwenyeji ni mbishi. Mizizi ikiwa na tope anaweza kukaa wiki mbili akajifanya amekufa.

Fundi Saa

Jumatatu, 3 Aprili

Mkufunzi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne. Hii ndiyo fupi.

Miche ya kipande cha nne niling'oa mimi, peke yangu. Fundi Saa hakuwepo siku ile. Saini yake kwenye daftari niliiweka mimi. Mimi sina uwezo wa kunusa, sijanusa kitu kwa miaka miwili, na mafunzo yote nilitegemea pua yake. Yeye alikiri ili kunifunika. Nami nilikaa chini ya turubai nikamwacha afukuzwe.

Jana asubuhi nilipeleka magunia kwake kwa toroli. Alikuwa amekaa barazani. Nilisema, "Fundi, nimekuja." Akasema, "Nimesikia magurudumu. Leta beseni." Mimi nilimpa mche, yeye alisugua jani lililonyauka, akaliweka puani, akafumba macho. "Huyu toa. Toa. Toa." Nilihesabu mia na sitini "toa" mfululizo. Kisha akaunusa mche mmoja, akaunusa tena, akasema, "Huyu ni mwenyewe. Karibu nyumbani, bwana."

Mpaka saa nane mchana tulikuwa tumewapata thelathini na wanne. Wanne waliobaki walikuwa wameoza. Kati ya tuliowapata, kumi na mmoja mizizi yao ni hai, nimekwangua ganda kwa kucha nikaona kijani. Wako kwenye mifuko ya udongo nyumbani kwa Fundi, upande wenye kivuli. Naomba uje uwachukue, nisije nikawaua mara ya pili.

Jembe langu na glavu nimeziacha kwenye kibanda. Simwombei mtu ila yeye. Mrudishe.

Sindano

Jumanne, 4 Aprili

Mdogo wangu,

Kama barua yangu ya juzi imefika, ichane. Kama umeshanisikiliza, acha kunisikiliza.

Nilikuwa najua habari ya pua. Siku ya yale maziwa nilisimama mlangoni dakika nzima nikikutazama ukiwa umekaa katikati ya moshi. Mimi ni mkunga, mdogo wangu, kazi yangu ni kuona. Ningekuuliza palepale. Lakini nilikuwa na basi la saa tisa, na nikajiambia ukitaka utasema. Nikakuandikia habari za gesi badala ya kukuuliza swali moja. Halafu ulipoeleza hatimaye, kwa jinsi ulivyojichana moyo, nikakuambia unyamaze.

Sisi wawili tumenyamaza vya kutosha. Nenda kwa mzee. Nenda leo. Kazi tutatafuta.

Dada yako mjinga

Jumatano, 5 Aprili

Sindano,

Nilikwenda kwa Fundi Saa jana asubuhi. Miche kumi na mmoja nimeipokea. Nimemwomba radhi mbele ya binti yake na mjukuu wake, na Jumamosi nitamwomba mbele ya kundi zima. Nilimhukumu kwa miwani yake. Kwenye kipande kile niliipita miche yote bila kuifunga utepe makusudi, kwa sababu nilitaka nione nani kati yenu atakayeigundua mwenyewe. Nilifanya mtihani kwa kutumia vitu ambavyo havikuwa vyangu kuchezea. Hilo nalibeba mimi.

Lililo lako ulibebe wewe. Cheti hutapata. Kitalu nimempa mwingine. Daftari la zamu hutalisaini tena, wala kwa jina lako wala la mwingine. Ungeniambia siku ya kwanza kwamba hunusi, ningekupa kazi mia zisizohitaji pua. Nimekasirika sana, na nimeandika nikiwa nimekasirika ili usije ukadhani baadaye nilikuwa nakuonea huruma.

Fundi Saa amekubali kurudi kwa sharti moja. Anasema hafanyi kazi bila macho yake. Nilidhani anazungumzia miwani.

Jembe lako bado liko kibandani. Tunaanza saa moja na nusu.

Mkufunzi

Jumapili, 2 Julai

Dada Mkunga,

Wiki ijayo nakuja na hiyo pua yangu, mwite daktari umtakaye. Cherehani imerudi kazini, nashona mapazia ya watu, nalalamika, nashiba. Yule aliyepewa kitalu ni mtu mzuri, na kila nikimwona na ule ufunguo kiunoni roho inaniuma. Nakuambia ukweli, inaniuma.

Jumamosi niko bondeni. Wiki tatu za kwanza hakuna aliyenisemesha. Nilibeba maji, nikarudi, nikabeba maji. Fundi alikuwa akinisubiri pale chini na kiti chake cha kukunja, na mtu akipita bila kunisalimu, yeye alimsalimu huyo kwa sauti mpaka mtu anaona haya.

Tepe zile za bluu Fundi hazioni tena. Basi nimezishona upya. Kila utepe una mafundo ya uzi, fundo moja kwa mche wa kwanza, mawili kwa wa pili, hadi kumi na moja. Anapita kwa vidole akisoma. Amefumba macho kwa makusudi, anasema anafanya mazoezi. Wote kumi na mmoja wameshika. Wa saba alinitia presha mwezi mzima, sasa ana majani mapya.

Jana tulikuwa kipande cha nne. Mimi nilikuwa mbele, napalilia. Nikaona kamche chini ya jiwe, urefu wa kidole, hakana utepe. Hatukukapanda sisi. Nilikagusa jani, nikakasugua, nikanusa, mazoea tu. Hakuna kitu. Mkono ukashuka wenyewe kwenye shina, ukakamata. Ulikuwa umeshaanza kuvuta, dada, nilisikia mizizi inaachia udongo.

Nikajizuia. Pale pale, mbele ya watu sita, mbele ya Mkufunzi, nikapaza sauti: "Fundi! Huyu ananukaje?"

Alikuja akipapasa na fimbo, akapiga magoti, ikamchukua muda. Aliinama mpaka pua ikagusa jani. Watu wote waliacha majembe.

"Ananuka," akasema. "Huyu, binti yangu, ananuka mpaka kwa Mungu."

Nikafungua mkono.

Mdogo wako,
Sindano